Fonti imepotea kwenye faili la timu: uinstoli, uiaplodi, uibadilishe au uyavunje maandishi?

Ukifungua faili la timu ukakutana na ile alama ya herufi A yenye kiulizo pembeni, au ukakuta maandishi yamepakwa pinki kama mtu kapitisha haileta juu yake, mkono unawahi wenyewe kwenye kitufe cha kubadilisha fonti. Tulia kwanza. Mimi nimeshakibonyeza kile kitufe sana na mara nyingi nimekijutia, maana njia za kutoka kwenye hili tatizo ziko kama tano hivi na kubadilisha fonti ndo ile inayoonekana rahisi dakika ya kwanza halafu inakuja kukula siku nzima baadae.

Kitu ambacho wengi hawakijui, na wala sio kosa lao, ni kwamba faili la dizaini kwa kawaida halibebi fonti ndani yake. Linabeba jina tu. Pale ndani imeandikwa hii lea, yaani tabaka moja la dizaini, ni Gotham, staili Book, saizi 16, basi, halafu kompyuta yako ndo inaambiwa haya katafute. Ikiwa nayo, safi. Isipokuwa nayo, kila programu ina tabia yake na hapo ndo vurugu inapoanzia. Figma, ile programu ya kudizaini apu na tovuti, inakuonyesha maandishi vile vile alivyoyaacha aliyeyaandika, yaani unaangalia unaona kila kitu kiko poa, mpaka siku unataka kurekebisha neno moja ndo inakugomea inataka fonti. Illustrator na InDesign, programu za Adobe za kuchora na kupanga kurasa, zenyewe zinachukua fonti nyingine ya kuzibia pengo na kupaka ile pinki, kwa hiyo uharibifu unauona papo hapo. Mimi bora ya pinki. Inakera ila haikudanganyi, ile ya Figma unaweza kukaa na faili wiki mbili ukidhani uko salama kumbe huwezi kugusa hata koma.

Sasa kabla sijaanza kulinganisha, swali ninalojiuliza siku hizi ni hili: nani atayagusa haya maandishi baada yangu? Sio nani atayaona, nani atayagusa. Jibu la hilo ndo linachagua njia, mengine yote ni mapambo.

Kwanza hakikisha kweli haipo

Maana kesi nyingi nilizokutana nazo fonti ilikuwepo, ila programu haikuiona. Anza kwa kumuuliza mwenzako kitu kimoja, anatumia apu au anafungulia kwenye brauza? Apu ya Figma ya kompyuta inaziona fonti zilizoinstoliwa bila kuambiwa, lakini kwenye brauza haizioni mpaka uweke kile kiprogramu chao kidogo cha fonti, na kiprogramu chenyewe ni cha Windows na Mac. Kwa hiyo unaweza kukuta watu wawili wamekaa meza moja, laptopu zinafanana, fonti wameinstoli wote, mmoja anaandika vizuri mwingine anaonyeshwa kiulizo, wanaanza kutuhumiana wakati tofauti ni brauza tu.

Kwenye Windows kuna mtego mwingine. Kuanzia Windows 10 toleo la 1809 ukiinstoli fonti kwa njia ya kawaida inawekwa kwenye folda ya mtumiaji mmoja, sio kwenye folda kuu ya fonti, na kuna programu ambazo hazichungulii kule kabisa. Dawa yake ni kubonyeza faili la fonti kwa kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua kuinstoli kwa watumiaji wote, hapo itataka ruhusa ya admini, ukishamaliza funga programu kabisa uifungue upya. Na tafadhali, kama ulipakua zipu, ifungue kwanza uzitoe fonti nje. Nimeona mtu anazitazama fonti zikiwa bado ndani ya zipu anaapa ameshazinstoli.

Halafu kuna hii ya majina, ambayo ndo inanipaga kichaa. Chukua Inter. Faili linasema Inter, wewe umepakua toleo la 4 kutoka kwa mtengenezaji, umeweka ile fonti badilishi yenye unene wote ndani ya faili moja, na hiyo inajitambulisha kwa jina Inter Variable. Ukiziweka pamoja kwa macho huoni kitu, herufi ni zile zile, lakini programu inasoma jina tu na kwake hawa ni watu wawili wasiojuana. Inakuambia Inter haipo na wewe unaitazama iko pale kwenye orodha. Hapo huhitaji kubadilisha kitu kwenye faili, unahitaji kuinstoli ile nyingine yenye jina sahihi.

Na kama faili ni la zamani, umelifungua kwenye InDesign mpya ikakuambia fonti haipo wakati folda ya fonti unayo na miaka yote ilikuwa inafanya kazi, angalia kama hizo fonti ni za Type 1, ule muundo wa zamani wa mafaili ya fonti. Adobe waliacha kuzikubali Januari 2023, Photoshop walitangulia 2021. Uinstoli mara kumi, hazitaonekana. Hapo utafute toleo la OpenType, muundo unaotumika sasa, la fonti hiyo hiyo, na ujue kwamba jina linaweza kuwa limebadilika kidogo na mistari ikacheza.

Kila mtu aiinstoli kwake

Hii ndo njia ya asili na kwa watu wawili watatu ni nzuri, sina neno nayo. Unamtumia mwenzako fonti, anaiweka, anafungua upya, mmemaliza. Faida yake ni kwamba maandishi yanabaki maandishi na dizaini haisogei hata nukta.

Shida inakuja timu ikikua. Mmoja ana toleo la 2019, mwingine kapakua jana, jina ni lile lile kwa hiyo hakuna alama ya hatari inayotokea, ila nafasi kati ya herufi zimerekebishwa kidogo na mtengenezaji, na kichwa cha habari kilichokuwa kinakaa mstari mmoja kwangu kwa mwenzangu kinadondosha neno la mwisho chini. Tuliwahi kubishana karibu saa nzima na dizaina mwenzangu kuhusu kichwa cha namna hiyo, mimi namwambia umekivuta boksi, yeye ananiambia sijagusa kitu, na wote tulikuwa wakweli.

La pili ni leseni. Fonti ya kulipia mara nyingi leseni yake inahesabu kompyuta au watumiaji, kwa hiyo kumrushia mwenzako faili la fonti kwenye WhatsApp hata kama nia ni njema unaweza kuwa unavunja mkataba ambao sio wewe uliyesaini bali mteja wako. Fonti zenye leseni ya SIL Open Font hazina hiyo presha, hizo gawa tu, kikomo kikubwa ni kwamba huruhusiwi kuziuza zenyewe kama zenyewe. Na SF Pro ya Apple watu wanaipitisha sana mkono kwa mkono kwenda kwa wenye Windows, ila masharti ya Apple ni kwamba ni ya kuchorea mifano ya apu za mifumo yao, sio ya kupambia bango lako.

Kuiaplodi kwenye timu

Kama mpango wenu unaruhusu, hii inaipiga ile ya kwanza bila hata kujadiliana. Fonti inakaa sehemu moja, toleo ni moja, mgeni akiingia kwenye timu anaikuta, hakuna cha kuuliza unatumia brauza au apu. Tofauti kati ya programu iko kwenye nani anaruhusiwa.

Figma kuaplodi fonti za timu nzima kuko kwenye mipango yao ya juu, Organization na Enterprise, kwa hiyo kama mko kwenye mpango wa bure au wa kawaida msipoteze muda kutafuta hicho kitufe. Canva wanaruhusu kwenye akaunti za kulipia, na za elimu na mashirika yasiyo ya faida, inapokea mafaili ya fonti ya aina ya OTF, TTF na WOFF, na inakuuliza uthibitishe kwamba una haki ya kuitumia, swali ambalo watu wanalibonyeza bila kulisoma. Penpot ndo ya mkono wazi kuliko zote. Ni programu huria, unaaplodi fonti kwenye timu bila kulipia, na kila aliye kwenye timu anaipata. Kwa upande huu wa fonti peke yake Penpot inawashinda hao wakubwa, mambo mengine tutabishana siku nyingine.

Udhaifu wake? Ukuta wa timu. Faili likinakiliwa kwenda kwenye akaunti ya nje, fonti haifuati, na yule frilansa uliyempa kazi nje ya timu anarudi kwenye kile kile kiulizo. Na leseni tena, kuna fonti zinazoruhusu kukaa kwenye kompyuta ila kuziaplodi kwenye seva ni leseni nyingine. Soma kabla, sio baada ya barua ya wakili wao.

Kubadilisha fonti

Haya sasa tuje kwenye kitufe chenyewe. Kazi ilikuwa ya apu, fremu, yaani skrini za apu, arobaini na kitu, brandi inatumia Gotham ambayo mteja anayo na mimi sina. Usiku umeenda, onyesho ni asubuhi, nikasema si Montserrat inafanana nayo, iko bure, nibadilishe chap. Dirisha la fonti zilizopotea linafunguka, linataka kila staili niiambie iwe nini: Gotham Book iwe ipi, Medium iwe ipi, Bold iwe ipi. Montserrat haina Book, nikaweka Regular. Nikabonyeza. Kwa mbali ilikuwa nzuri aisee, mpaka nikakuza skrini. Montserrat ni pana kuliko Gotham. Kitufe kilichoandikwa "Endelea kulipa" kimekatika mistari miwili na kimevimba kwenda chini, kimesukuma kadi iliyo chini yake, kadi imesukuma menyu ya chini, menyu imetoka nje ya fremu. Na vitufe kama hicho vilikuwa kila sehemu. Nikapunguza saizi kutoka 16 kwenda 15 kwenye sehemu nyingine nikasahau nyingine, asubuhi mteja hakusema fonti imebadilika, alisema "mbona apu imekuwa kama imenenepa". Kurudisha Gotham baadae nako kulikuwa na kazi yake, maana zile 15 nilizoziweka kwa mkono zilibaki 15.

Kwa hiyo sisemi usibadilishe kabisa. Badilisha pale uamuzi ni wa kudumu, yaani timu imekubali kwamba fonti ya zamani haitarudi. Na ukibadilisha badilishia kwenye chanzo, kwenye staili za maandishi na komponenti mama, yaani kile kipande cha asili ambacho nakala zake zote zinakifuata, usiende lea moja moja. Kama unachotaka ni kuzibia pengo tu bila mistari kusogea, zipo fonti zilizochongwa makusudi ziwe na upana ule ule wa herufi na zile maarufu: Arimo na Liberation Sans zinakaa kwenye nafasi ya Arial, Tinos na Liberation Serif kwa Times New Roman, Cousine na Liberation Mono kwa Courier New, na Carlito kwa Calibri. Sura inatofautiana kidogo lakini mistari inakatika pale pale. Kwa Gotham na wenzake wa kulipia usitegemee bahati hiyo, inayofanana kwa sura sio lazima ifanane kwa upana, hilo nimelilipia.

Kitu kingine kidogo cha kuangalia ukishabadilisha ni alama. Fonti nyingi za mapambo za bure zina A mpaka Z na namba basi, ile koma ya juu iliyopinda kwenye neno kama ng'ara haimo, na badala yake unapata kiboksi kitupu au alama iliyoazimwa kutoka fonti nyingine ambayo imekaa pale kama jino la bandia. Andika neno lenye ng' kabla hujaipitisha fonti, inachukua sekunde tano.

Kuyavunja maandishi yawe maumbo

Yaani kugeuza herufi kuwa vekta. Watu wa kuchapisha wanaipenda na wana sababu, herufi ikishakuwa umbo haihitaji fonti tena na hakuna mashine itakayoibadilisha. Kwa logo mimi navunja kila mara. Kwa stika, bango, kitu kinachoenda moja kwa moja kwenye mashine na hakirudi, sawa.

Lakini kwenye faili la timu hii ni kumfungia mwenzako mlango. Hawezi kurekebisha kosa la herufi moja, hawezi kutafuta neno, aliyekuja kutafsiri apu hana cha kutafsiri, na ukitoa PDF kisoma skrini hakina kitu cha kumsomea mtu asiyeona. Maandishi madogo nayo kwenye skrini yanaweza kuonekana mazito kidogo kuliko yalivyokuwa. Kama lazima, nakili faili kwanza, vunja kwenye nakala, na nakala uipe jina ambalo hata mtu mwenye usingizi atalielewa. Na mara nyingi ukimuuliza mchapaji vizuri utakuta PDF yenye fonti ndani yake inamtosha kabisa, kwa sababu PDF tofauti na mafaili haya mengine inaweza kubeba fonti.

Folda ya InDesign

Hii naiweka peke yake kwa sababu ni ya watu wa InDesign na haisifiwi inavyostahili. Ile amri ya kupaki kazi inakutengenezea folda yenye faili, picha na folda ndogo inayoitwa Document Fonts. Mwenzako akifungua faili likiwa limekaa pembeni ya hiyo folda, InDesign inazisoma fonti zilizomo bila yeye kuinstoli chochote, na ni kwa ajili ya faili hilo tu. Illustrator nayo inapaki ila fonti za kwenye folda itabidi uziinstoli. Angalizo moja, fonti ulizowashia kupitia Adobe Fonts hazipakiwi, hizo mwenzako ataziwasha kwa akaunti yake mwenyewe, na ikiwa ana usajili na intaneti mara nyingi zinawaka zenyewe.

Kuanza na fonti za wazi

Kwa kazi mpya ambayo brandi haijafungwa kwenye fonti ya kulipia, mimi saivi naanza na Google Fonts na sioni aibu. Figma inazo, Canva inazo nyingi, Penpot inazo, tovuti inazitumia bure, na kama mteja atamalizia kazi kwenye Google Slides basi hapo huna ujanja kabisa kwa sababu Google Docs na Slides kwenye akaunti za kawaida hazipokei fonti ya kuaplodi. Nimeona maktaba nzima ya slaidi imedizainiwa kwa fonti ya kulipia halafu siku ya kuhamishia Slides ndo mtu anauliza sasa fonti tunaiweka wapi. Haiwekwi. Watakuambia kila mtu anatumia fonti hizo hizo, na ni kweli kwa zile tano maarufu, ila kuna familia zaidi ya elfu moja mle ndani, shuka chini kidogo.

Kwa hiyo nachaguaje

Kama watakaogusa maandishi ni watu wawili watatu na leseni inaruhusu, tunainstoli na tunaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa faili jina kamili la fonti, toleo, na tumeipata wapi. Kama ni timu kubwa na mpango unaruhusu, inaaplodiwa na hakuna mjadala. Timu kubwa isiyo na mpango wa juu, natazama kama fonti ya wazi inaweza kuchukua nafasi na uamuzi uwe wa kudumu, tunabadilisha kwenye staili mchana watu wakiwa macho, sio saa sita usiku. Kama hakuna atakayegusa tena, ni la kuchapa tu, PDF yenye fonti ndani, na nikikataliwa ndo navunja nakala. Na kama ni mimi tu nimefungua faili la watu kuangalia, nikaona kiulizo, sigusi kitu. Nafunga dirisha naangalia nilichokuja kuangalia, maandishi ya Figma yataonekana vile vile.

Siku ya kukabidhi namwomba mtu mmoja ambaye hajawahi kuinstoli fonti ya ule mradi afungue linki kwenye kompyuta yake, abonyeze mara mbili kwenye kichwa chochote, aongeze nukta moja halafu aifute. Ikimkubalia natuma ankara.